Mtumishi Asiyekosea wa Sultani Shebwana

Hapo zamani, katika mji wa Kivumoni, watu waliamka kumwangalia jogoo. Kuwika kwake hakukuwashughulisha, kwani jogoo yeyote huwika. Walichongoja ni kudonoa kwake. Jogoo huyo aliitwa Nasibu, na yeye ndiye aliyeamua kila siku iwe siku ya namna gani, na Sultani wa mji, Sultani Shebwana, hakuwa na kauli mbele yake.

Sababu yake ni hii. Sultani Shebwana alipokuwa kijana, mwaka wake wa kwanza katika kiti, aliamua jambo moja kwa akili yake mwenyewe, nalo ni kujenga jumba ambalo milango yake yote inatazama magharibi, ili apate kuona jua likitua. Jumba likajengwa. Ikawa kila alasiri jua linaingia ndani kama mgeni asiyejua hodi, linawachoma mabalozi usoni, wakawa wanazungumza na Sultani macho wameyafumba. Watu wakacheka chini kwa chini, na Sultani akasikia. Basi akaapa hataamua tena kitu maishani mwake, kwani aamuaye ndiye achekwaye.

Akaamuru usukwe mkeka wenye miraba sita. Kila asubuhi hutiwa konzi ya mtama katika kila mraba, Nasibu huachiliwa mbele ya baraza lote, na mraba atakaoudonoa kwanza ndio siku yenyewe. Mraba wa kwanza ulikuwa wa Uji, na siku hiyo Sultani hali kitu kingine. Wa pili wa Kimya, hakuna kufungua kinywa jumbani mpaka jua litue. Wa tatu wa Kinyumenyume, na watu wote, pamoja na Sultani, hutembea kwa kurudi nyuma. Wa nne wa Kuoga, wa tano wa Karamu, na wa sita wa Mapumziko.

Walioteseka ni watumishi, nao walikuwa arobaini. Wakichinja mbuzi kwa kutumaini Karamu, jogoo hudonoa Uji. Wakichemsha maji ya kuoga, jogoo hudonoa Kimya, na maji yakabubujika jikoni pasiwe na wa kusema yaipuliwe. Siku moja ya Kimya, mpishi wa uji, mwanamke aitwaye Mize, alimwagikiwa na maji ya moto mguuni, akasema, "Ah!" Neno lenyewe halikuwa hata neno. Lakini Sultani alilisikia kutoka sebuleni, naye alikuwa amekwisha choshwa na makosa ya wiki nzima, basi siku ya pili yake akaamuru wafungwe wote arobaini, aliyesema na ambao hawakusema.

Na huyo Mize alikuwa mke wa Jecha, mchonga vinu.

Jecha alikuwa fundi mzuri kupita kiasi, na huo ndio uliokuwa umaskini wake. Kinu alichochonga Jecha hakikupasuka. Mtu akinunua kimoja, harudi tena yeye, wala mwanawe, wala mjukuu wake. Kivumoni nzima ilikuwa imekwisha pata vinu, na Jecha akawa anashinda kibarazani akiwaamkia watu waliokuwa hawamhitaji. Watu walimwona mpumbavu. Wakimwambia, "Fundi, chonga vibovu kidogo ule," hujibu, "Nikichonga kibovu, nitakuwa nimeuza kuni."

Basi Sultani akabaki peke yake na jumba lake na Waziri wake, aliyeitwa Ngwali, mtu aliyependa maneno yaliyoandikwa kuliko chakula. Sultani akasema, "Ewe Ngwali, wanadamu wamenishinda. Nataka mtumishi asiyekosea, jogoo adonoe atakapodonoa." Waziri akajifungia siku tatu na kalamu, akatoka na hati ndefu, ikasomwa sokoni kwa ngoma.

Hati ilisema hivi. Atakayeunda mtumishi kwa kuyafuata maneno haya, asipunguze wala asizidishe, atapewa ombi lake moja. Naye atakayejaribu akashindwa, atafungwa pamoja na wale arobaini. Mtumishi aundwe, asizaliwe. Kamwe asiibe, kamwe asiseme uongo, kamwe asifungue kinywa siku ya Kimya, wala asipige hatua kwenda mbele siku ya Kinyumenyume, wala asiguse kazi siku ya Mapumziko. Daima Sultani amtafutapo, ajulikane alipo. Siku ya Uji, hatimaye uji umfikie Sultani. Siku ya Kuoga, hatimaye Sultani alowe mwili mzima. Siku ya Karamu, hatimaye Sultani ashibe pamoja na wageni wake. Na mtumishi wa namna hiyo asiondolewe kazini mpaka aombe mwenyewe. Mtihani uendelee mpaka jogoo awe amedonoa miraba yote sita.

Wawili wakajaribu. Mhunzi mmoja aliunda mtu wa chuma mwenye kamba tumboni. Siku ya Kinyumenyume akamvuta kamba arudi nyuma, mtu wa chuma akarudi, akarudi, akatumbukia kisimani, na mpaka leo maji ya kisima hicho yana ladha ya kutu. Mwingine alimfundisha nyani, akaambiwa nyani amezaliwa, hakuundwa. Naye kabla hajafukuzwa alikuwa amekwisha kukaa juu ya kiti cha Sultani akimenya ndizi. Wote wawili wakafungwa, na nyani akaachiwa.

Jecha akaenda jumbani na nguo zake zile zile zenye vumbi la mbao. Hakujua kusoma, basi akaomba asomewe hati. Akasomewa. Akaomba tena. Akasomewa mara ya tatu, Waziri Ngwali mwenyewe akisoma kwa sauti tamu, maana hakuna aliyewahi kumwomba arudie maandishi yake.

"Nina swali moja, Bwana Waziri," akasema Jecha. "Hapo paliposemwa hatimaye. Hatimaye ni lini?"

"Hatimaye ni hatimaye," akajibu Waziri. "Ikija, imekuja."

"Na pasipoandikwa kitu?"

"Pasipoandikwa kitu hapadaiwi kitu. Nimeyapima maneno haya kama dhahabu, fundi. Kila lililotakiwa limo."

"Ahsante," akasema Jecha, akaondoka.

Akapitia gerezani, nyuma ya jumba, ambako kulikuwa na dirisha dogo la nondo. Mize akaja dirishani, mguu umefungwa kitambaa.

"Mume wangu, nasikia umekwenda kuchukua ile kazi."

"Nimeichukua."

"Utaunda nini?"

"Kinu."

Nyuma ya Mize wale thelathini na tisa wakasogea, wakitega masikio.

"Jecha," akasema, "nilipoolewa na wewe mama yangu alilia, nikamwambia alie kidogo kidogo, asiyamalize machozi. Sasa naona nilimshauri vyema. Kinu kitamtumikiaje Sultani?"

"Mke wangu, nimeisikiliza hati mara tatu. Nusu yake yote inasema asifanye. Asiibe, asiseme, asiende, asiguse. Hayo nani anayaweza kuliko kinu?"

"Na hiyo nusu ya pili?"

"Nusu ya pili inasema hatimaye kitatokea. Haikusema nani akitokeze. Na duniani, Mize, mambo hutokea."

"Na yasipotokea?"

Jecha akamgusa vidole kupitia nondo, akaenda zake kutafuta gogo la mvule.

Akachonga siku nne. Siku ya tano akakibeba kinu kichwani, kipana cha tumbo na chembamba cha kiuno, akakivisha kanzu na kofia, akakisimamisha mbele ya baraza.

Waziri Ngwali akaruka. "Maulana, hiki ni kinu!"

"Hati imesema aundwe," akasema Jecha. "Ameundwa. Haikusema aundwe nini."

Sultani akamtazama Waziri, Waziri akaitazama hati, akaipitisha kidole mstari kwa mstari, na hakuona mahali palipoandikwa mikono wala miguu. Yalikuwa ni mambo aliyodhani kila mtu anayajua.

"Basi na ajaribiwe," akasema Sultani. "Naye fundi akae hapa hapa jumbani, asiguse kitu, wala asisaidie kitu."

Waziri naye, kwa hasira, akapiga marufuku: mtu yeyote wa mjini asilete jumbani chakula wala maji wala msaada, ili kinu kiaibike mapema.

Asubuhi yake Nasibu akaachiliwa, akazunguka, akajikuna, akadonoa mraba wa Kimya. Jumba zima likanyamaza. Ilipofika adhuhuri, Waziri Ngwali akashikwa na kikohozi. Alijizuia mpaka akawa mwekundu kama tumbaku ya kutafuna, kisha kikohozi kikatoka na mwangwi wake. Sultani akamtazama kwa macho makali, kisha akageuka, akakitazama kinu, kikiwa kimya na kofia yake. Jua lilipotua, neno la kwanza la Sultani lilikuwa, "Ngwali, umemwona mwenzako?"

Siku ya pili ikawa Kinyumenyume. Sultani alianguka mara mbili, mara moja juu ya meza na mara moja juu ya Waziri. Kinu hakikupiga hatua hata moja kwenda mbele. Siku ya tatu ikawa Mapumziko, na hapo baraza zima lilikiri kwamba halijapata kuona kiumbe aliyepumzika vile.

Lakini siku ya nne jogoo akadonoa Uji, na hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza katika zile siku za hatimaye.

Sultani akaketi mezani, kijiko mkononi, kinu mbele yake. Asubuhi ikapita. Adhuhuri ikapita. Jua likaanza kuingia milangoni, likamwangaza Sultani, tumbo lake likawa linanguruma mpaka Jecha aliyekuwa amesimama kona ya pili akalisikia.

"Maulana," akasema Waziri kwa furaha, "uji haukufika. Ameshindwa."

"Imeandikwa hatimaye," akasema Jecha. "Siku haijesha."

Sultani akangoja kidogo tena. Kisha akasimama, akatupa kijiko, akaenda jikoni mwenyewe kwa miguu yake. Hakupata kuingia humo tangu azaliwe. Wakasikia vyungu vikianguka. Wakaona moshi. Wakamsikia Sultani wa Kivumoni akiungua kidole, naye hakusema "Ah" peke yake. Alisema maneno mengine ambayo Waziri hakuyaandika. Mwisho akatoka na bakuli, jivu hadi nyusi, akaketi, akala. Uji ulikuwa na madonge na hauna chumvi. Akala wote.

"Je, Maulana," akauliza Jecha, "uji umekufikia?"

Sultani akafikiri. "Umenifikia."

"Lakini umeuleta wewe mwenyewe!" akalia Waziri.

"Hati imetaja uletwe na nani?" akauliza Sultani. Waziri akafungua hati, akaifunga.

Siku ya tano jogoo akarudia Kimya; ya sita, Kuoga ilipokuja, Sultani akavua kilemba, akaketi kwenye kigoda uani mwa hamamu, akimtazama mtumishi wake. Mtumishi naye akimtazama, kama kinu kinavyotazama. Safari hii Sultani hakutaka kujipumbaza; akaapa hatainuka kwenda kisimani, aone kinu kitafanyaje. Akakaa hapo mpaka alasiri. Jecha akatazama juu, akaona wingu moja tu dogo, tena linakwenda kwingine. Akahesabu nondo za dirisha la gereza, akazihesabu tena. Hapo mvua ya vuli, ambayo haina ratiba na haiulizi ruhusa, ikatoka nyuma ya paa, ikashuka kama mtu aliyepindua pipa. Sultani akalowa nywele, kanzu, ndevu na viatu.

"Mwili mzima?" akauliza Jecha, naye amelowa vile vile.

"Mpaka kwenye kitovu," akasema Sultani, na mdomo wake ukafanya kitu ambacho Waziri alikihofia, kama mtu anayetaka kutabasamu akasahau njia.

Hivyo miraba mitano ikaisha kwa siku sita, ukabaki wa Karamu peke yake. Na hapo ndipo mambo yalipokwama, kwa maana Nasibu alianza kuupenda mraba wa Uji. Akaudonoa leo, akaudonoa kesho, akaruka siku moja akadonoa Kimya, akarudi kwenye Uji. Wiki ikaisha, na ya pili, na ya tatu. Sultani akawa anajipikia kila mara, na uji ukaanza kupoteza madonge. Akajua kuni zipi zinatoa moshi. Akajua kwamba chumvi hutiwa mwisho.

Tena akaanza kukipenda kinu. Jioni hukaa nacho barazani, akakieleza habari za utoto wake, nacho husikiliza bila kumwambia, "Umesema kweli, Maulana," kama walivyozoea kusema watu wake wote. Akawa anakiita Bwana Kinu. Akakipa kilemba cha zari. Siku moja mjumbe wa nchi ya jirani alipoingia, Sultani akampeleka kwanza kwa Bwana Kinu, na yule mjumbe, asijue desturi za Kivumoni, akapiga magoti, akasalimu, akangoja kujibiwa kwa muda usiopungua kupika wali.

Waziri Ngwali akawa hali akashiba. Alasiri moja Jecha, akipita ukumbini, akamwona Waziri amechuchumaa nyuma ya nguzo, mdomo umekaribia ukingo wa kinu, akinong'ona ndani.

"Omba ruhusa tu, ndugu yangu," Waziri alikuwa akisema. "Sema umechoka. Nitakupa mashamba mawili ya mikarafuu. Nitakuoza mchi wa mpingo, mwanamwali, hajatwanga hata punje."

Akatega sikio. Akangoja. "Matatu, basi!" akasema. "Mashamba matatu!" Alipoinua uso akamwona Jecha, akajifanya anatafuta pete yake iliyoanguka, nayo ilikuwa kidoleni.

Jecha hakucheka. Kila jioni alipita dirishani kwa Mize, na kila jioni Mize alikuwa amekonda kidogo.

"Ukingoja jogoo apende mraba, utangoja mpaka nizeeke humu," akasema Mize.

"Mtama uko katika miraba yote," akasema Jecha. "Mdomo ni wake, na hakuna anayemfunga. Leo hakudonoa pale, kesho hakudonoa, lakini asubuhi zikiwa nyingi vya kutosha, Mize, hawezi kuupita daima."

"Unaniambia hivyo kunituliza, au wewe mwenyewe umetulia?"

"Nakuambia ili nami nisikie."

Siku ya arobaini na moja Nasibu akaachiliwa. Akauendea mraba wa Uji kama kawaida yake. Akainamisha shingo. Sultani alikuwa amekwisha kukunja mikono ya kanzu. Hapo panzi mmoja akaruka mkekani, jogoo akageuza kichwa, akamfuata, panzi akaenda zake, na Nasibu kwa aibu akadonoa mtama uliokuwa chini ya mdomo wake. Ulikuwa mraba wa Karamu.

Ngoma ikapigwa. Kwa desturi, siku ya Karamu wazee wote wa mji na mabalozi hualikwa, basi kabla ya adhuhuri walifika wageni sitini, wakaketi kwenye majamvi, wakatazama mlango wa jikoni. Mlango ukawatazama wao. Bwana Kinu alisimama katikati, kilemba chake kiking'aa.

Sultani akamngoja, kwa ada. Kisha akakunja kanzu akaingia jikoni, maana sasa alikuwa mpishi mwenye siku zake. Lakini uji wa mtu mmoja si pilau ya watu sitini. Akatia mchele katika sufuria kubwa, ukaungua chini na ukabaki mbichi juu. Mbuzi akamkimbia, akamkimbiza uani mbele ya mabalozi, na mbuzi akashinda. Akatoka akihema.

"Ngwali, kalete wapishi mjini!"

"Maulana," akasema Waziri, uso umempauka, "nilipiga marufuku, kwa jina lako na kwa muhuri wako, na la muhuri halitenguliwi. Mtu wa mjini akileta msaada jumbani anafungwa. Na walio nje wote ni watu wa mjini."

"Na walio ndani?"

Sultani akageuka kwa Jecha. "Ewe fundi, nani aliyekuwa akipika karamu zangu?"

"Mke wangu, Maulana, na wenzake," akasema Jecha. "Si watu wa mjini, ni wafungwa wako. Nami nimekatazwa kusaidia, kwa hiyo sitasema ufunguo uko wapi."

Ufunguo ulikuwa kiunoni mwa Sultani. Akaushika. Akaenda mwenyewe nyuma ya jumba, wageni sitini wakimfuata kwa njaa na kwa udadisi, akafungua mlango wa gereza. Mize akatokea wa kwanza, akichechemea, akipepesa macho kwa mwanga.

"Leo si siku ya Kimya, Maulana?" akauliza.

"Leo ni Karamu."

"Basi naruhusiwa kusema. Mimi nilisema 'Ah' tu."

Sultani akakitazama kidole chake, ambacho kilikuwa na kovu jipya la moto, na lingine kando yake. Akainamisha kichwa mbele ya watu wote.

"Mimi nilisema zaidi," akasema. "Tokeni nyote, pamoja na mhunzi na mwenye nyani. Atakaye kwenda kwake na aende. Na atakayekubali kunisaidia leo, nitamshukuru."

Wakasaidia wote, maana nao walikuwa na njaa. Mbuzi akakamatwa kwa mkono mmoja. Pilau ikaiva kabla ya alasiri, watumishi wakala jamvi moja na mabalozi, na Sultani akala mpaka akalegeza mshipi.

Jecha akasimama. "Maulana, umeshiba, wewe na wageni wako?"

"Nimeshiba."

Waziri Ngwali akainuka na hati yake. "Lakini mtumishi hakufanya lolote! Siku arobaini na moja, hakuinua hata unyasi! Kila jambo limefanywa na mvua, au panzi, au Sultani mwenyewe!"

Sultani akaichukua hati, akaisoma tangu juu hadi chini, polepole. Palikuwa na kamwe, na daima, na hatimaye, na mpaka. Akasema, "Ngwali, umeandika kila neno, ukasahau kuandika 'afanye'." Na hapo akacheka. Alicheka akashika mbavu, akakiegemea kinu, kilemba cha Bwana Kinu kikaanguka ndani ya sufuria ya mchuzi, na mabalozi walipoona Sultani anacheka wakacheka nao, macho wazi.

"Ombi lako, fundi," akasema alipopata pumzi.

"Nilikuja kukuomba mke wangu na wenzake, Maulana, nawe umekwisha watoa. Basi sasa naomba jogoo."

Kicheko kikakatika. Sultani akamtazama Nasibu, aliyekuwa akiokota punje za pilau chini ya majamvi.

"Huyo siwezi. Kesho asubuhi nitajuaje la kufanya?"

"Jogoo alikuamuru uji," akasema Jecha. "Kuni hakukuchagulia. Moto hakukuwashia. Chumvi kwamba itiwe mwisho, hakukuambia. Na leo alisema karamu. Hakusema ufungue gereza."

Sultani akamtazama jogoo tena. Lakini hati ilikuwa na muhuri wake, na ombi ni ombi. Akasema, "Mchukue kesho, baada ya baraza."

Asubuhi baraza likajaa kuliko siku zote. Mkeka ulitandikwa kwa mazoea, mtama ukatiwa kwa mazoea, na Jecha akasimama kando na mkewe, jogoo amembana kwapani. Nasibu akajaribu kujinasua, Mize akamzuia mdomo kwa kiganja.

Sultani Shebwana akasimama mbele ya watu wake. Akautazama mkeka usio na jogoo, akamtazama Waziri, aliyekuwa amechovya kalamu na kuishika hewani, asijue aandike nini. Hakuna aliyekohoa. Mtoto wa balozi akataka kusema kitu, mama yake akamfinya.

"Leo," akasema Sultani. Akaupa mkeka mgongo. "Leo nitakula wali wa nazi na samaki wa kukaanga."

Watu wakatazamana.

"Na anayetaka kwenda shamba na aende shamba," akaendelea, sauti ikipata nguvu, "na anayetaka kuoga na aoge, na mwenye neno na aseme. Na kama nimekosea, chekeni hapa hapa mbele yangu, msinichekee mlangoni."

Basi wakacheka, kwa kuwa wameruhusiwa, naye Sultani akacheka pamoja nao. Kisha kila mtu akaenda kushika kazi yake mwenyewe, isipokuwa Waziri Ngwali, aliyebaki pale na kalamu iliyokauka wino, akiuliza kila anayepita kama neno "shamba" liandikwe kwa daima au kwa hatimaye.

Hapo ndipo aliponifikisha aliyenihadithia, akasimama kwenda zake. Nami siwezi kuwafikisha mbali kuliko nilipofikishwa.